Urembo na kazi mkononi: aina nne za saa janja kwenye mizani moja

Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilileta saa iliyoitwa Pulsar. Ilikuwa ya dhahabu ya karati 18, bei yake dola 2,100, na haikuwa na mshale hata mmoja. Ukitaka kujua saa ngapi unabonyeza kitufe, namba nyekundu zinawaka, kisha zinazimika, kwa sababu zikiachwa ziwake mfululizo betri haifiki mbali. Yaani mtu katoa pesa za gari dogo, halafu anahitaji mikono miwili kujua saa.

Zaidi ya miaka 50 imepita na tatizo ni lilelile, limebadilisha nguo tu. Kioo kinachopendeza kinakula chaji. Betri ya kudumu inataka nafasi, nafasi inaleta unene, na unene unagoma kuingia chini ya mkono wa shati. Saa nyembamba inayokaa vizuri kwenye mkono mdogo haina pa kuweka GPS, kile kipokezi cha setilaiti kinachojua ulipo na umbali uliokwenda, na betri ya kuilisha. Kila unachopewa upande mmoja kimetolewa upande wa pili, na muuzaji hatakwambia kimetolewa wapi.

Watu wakiniuliza wanunue ipi, huwa nawarudishia swali: wewe kitu gani kitakufanya uivue? Kuna anayeivua kwa sababu ya chaji, akaisahau kwenye soketi siku tatu. Kuna anayeivua kwa sababu haiendani na gauni. Mwingine inamlemea usingizini, mwingine anaivua kwenye udhu mara tano kwa siku na siku moja inabaki juu ya sinki la msikiti. Saa iliyo kwenye droo haihesabu hatua, hata ikiwa na vihisi kumi. Basi nitazilinganisha aina nne nikiwa na swali hilo kichwani.

## Mizani yenyewe

Inavyokaa. Kipenyo ndicho kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini kinachokera ni unene na uzito. Tazama na mkanda. Wa upana wa milimita 20 au 22 wenye pini za kawaida utaubadilisha kwa fundi saa yeyote: ngozi kwa ofisini, nailoni kwa mazoezi. Wenye mfungo wa kampuni yenyewe unakurudisha kwao kila ukikatika.

Inavyosomeka. Saa ngapi ni swali la sekunde moja. Je, kioo kinabaki kimewaka, au mpaka ukunje mkono kama mtu anayepiga saluti? Na saa saba mchana juani, unaona namba au unaona uso wako mwenyewe?

Chaji. Casio F-91W, ile saa nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989, inadumu karibu miaka 7 kwa betri moja. Saa janja zinahesabu kwa siku, nyingine kwa saa. Hapa usiangalie namba ya kwenye boksi peke yake. Angalia na umeme wa kwenu unavyokatika, na kama chaja yake unaweza kuiazima kwa jirani. Chaja nyingi za saa hazifanani hata kati ya matoleo ya kampuni moja.

Inachopima, na ukweli wake. Ile taa ya kijani ya chini inamulika ngozi na kusoma damu inavyopita. Inataka saa ikae sawasawa, imegusa ngozi, isiteleze. Wanaopenda kuvaa saa ikiwa legelege kama bangili ya dhahabu, ikishuka mpaka kwenye mfupa wa mkono, wanapata mapigo ya moyo ya kubahatisha. Tatuu nayo inaweza kuziba mwanga, na piko jeusi la harusini usishangae likifanya vivyo hivyo kwa wiki moja au mbili.

Inavyoelewana na simu yako na nchi yako. Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho kinachouma zaidi baada ya risiti.

## Saa iliyo simu ndogo: Apple Watch na Galaxy Watch

Inavyokaa. Apple walichagua mstatili tangu toleo la kwanza, Aprili 2015, na sababu ni ya kikazi: maandishi yanakwenda kwa mistari, na ujumbe wa WhatsApp unaenea vizuri kwenye mstatili kuliko kwenye duara linalokata kona. Wengi waliiona kama televisheni ndogo. Miaka ilivyosogea jicho limezoea, na Series 10 ya mwaka 2024 ina unene wa milimita 9.7 tu, inaingia chini ya shati bila ugomvi.

Mwaka ule wa 2015 walijaribu pia kuiuza kama kito. Kulikuwa na toleo la dhahabu lililoanzia dola 10,000. Mwaka uliofuata dhahabu ikaondolewa. Mwaka 2018 mfumo mpya, watchOS 5, ulipotoka, saa zote za kizazi kile cha kwanza ziliachwa nje, ya dhahabu pamoja na ya alumini. Dhahabu ya bibi unairithi. Dhahabu iliyozungushiwa chipu inazeeka na chipu yake. Mimi tangu hapo simshauri mtu alipe ziada kubwa kwa ajili ya madini ya saa ya namna hii. Alumini inapima moyo uleule.

Upande wa duara historia ina vichekesho vyake. Moto 360 ya Motorola ya mwaka 2014 ilisifiwa kwa uzuri kuliko nyingi za wakati wake, lakini chini ya kioo kulikuwa na kipande cheusi, duara limekatwa kama chapati iliyomegwa, kwa sababu vifaa vya kuendesha kioo vilikosa pa kukaa fremu ilipofanywa nyembamba. Samsung walipata jibu zuri zaidi mwaka 2015 na Gear S2: pete inayozunguka pembeni mwa kioo. Inaonekana kama saa ya mzamiaji, kumbe ndiyo kidhibiti chenyewe. Unaizungusha kupita kwenye orodha bila kuziba kioo kwa kidole. Kwangu mimi hapo ndipo urembo na kazi vilipokaa kiti kimoja. Waliiondoa kwenye Galaxy Watch5 mwaka 2022, ikarudi kwenye Watch6 Classic mwaka 2023. Inakuja na uzito wake lakini: Classic ya milimita 47 ni gramu 59 bila mkanda.

Inavyosomeka. Rangi kali, weusi mzito, nyuso za saa za kila aina. Kioo kinaweza kubaki kimewaka, kwa gharama ya chaji.

Chaji. Apple Watch za kawaida kwa miaka mingi ziliahidiwa saa 18. Ultra ya kwanza, iliyotoka mwaka 2022, iliahidiwa 36, na malipo yake unayaona kwa macho: urefu milimita 49, unene 14.4. Galaxy Watch6 inaahidiwa saa 40 kioo kikilala, 30 kikiwa macho muda wote. Kwa lugha ya nyumbani: chaji kila siku, au siku moja na kitu. Ukitaka ikupime usingizi, tafuta muda mwingine wa kuichaji. Mimi niliyekuwa nayo niliichaji nikioga na kunywa chai asubuhi. Mgawo wa umeme ukiangukia muda huo, siku nzima nilitembea na kipande cha kioo cheusi.

Inachopima. Hapa ndipo nguvu yake ilipo. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, imo kwenye Apple Watch tangu Series 4 ya 2018, kuna kutambua umeanguka, kuna kujibu ujumbe na kupokea simu kutoka mkononi. Samsung wana kipimo cha shinikizo la damu, ila kwanza unakirekebisha kwa mashine ya kawaida ya kufunga mkononi, na unarudia kila siku 28. Wasiorudia wanasoma namba isiyo na maana.

Simu na nchi. Apple Watch inataka iPhone, haina mjadala. Galaxy Watch tangu Watch4 ya mwaka 2021 zinataka Android. Siku ukibadilisha simu, saa inabadilishwa nayo. Vipimo vya afya kama ECG huruhusiwa nchi baada ya nchi, kwa hiyo kitu ulichokilipia kinaweza kubaki kimelala. Toleo lenye laini yake ndani linataka mtandao wako wa simu uwe unalikubali. Na malipo ya kugusa ni mazuri kwenye tangazo, lakini kwa mama ntilie unalipa kwa lipa namba, na simu unaitoa mfukoni vilevile.

Jambo dogo la kila siku: ukiiwekea namba ya siri, Apple Watch inajifunga kila unapoivua. Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, hiyo ni mara tano za kuandika namba, au aizime na kubaki bila ulinzi. Mkanda wa nailoni wa kugandisha au wa sumaku unapunguza nusu ya kero.

Inamfaa anayetaka kuacha simu kwenye mkoba na bado asipitwe, mwenye soketi ya uhakika, na ambaye simu yake ya sasa ataendelea kuwa nayo upande huohuo.

## Saa ya mwanariadha: Garmin, Coros na wenzao

Inavyokaa. Hizi zimejengwa kuanzia kazi, sura ikafuata nyuma. Vitufe vitano vya Garmin vinaonekana vya kizamani mpaka siku unakimbia mvua ya Aprili inanyesha. Kioo cha kugusa chenye matone hakijui kidole ni kipi. Kitufe kinajua.

Kuna anayedhani ya kazi lazima iwe nzito kama tofali. Coros PACE 2, ambayo ilikuwa na toleo lenye jina la Eliud Kipchoge, ni gramu 29 pamoja na mkanda wake wa nailoni. Ni plastiki tupu. Mtu aliyekimbia kuliko karibu sote hakuhitaji chuma mkononi, na chuma kwenye kilomita ya 35 unakijua. Lakini plastiki hiyohiyo ipeleke kwenye kikao cha mahari uone watu wanavyokutazama.

Garmin wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2021 walitoa Lily, ndogo ya milimita 34, kioo kimefichwa chini ya nakshi mpaka ukiguse. Inapendeza kweli, hasa kwenye mkono mwembamba. Bei ya kupendeza huko: chaji siku 5 na haina GPS yake yenyewe, inategemea ya simu. Forerunner 55 ya kampuni hiyohiyo, milimita 42 na gramu 37, inadumu mpaka wiki mbili na ina GPS ya saa 20. Ziweke hizo mbili kando kwa kando kwenye meza na ugomvi wote wa makala hii utauona bila mimi kueleza.

Inavyosomeka. Nyingi za zamani na za bei nafuu zina kioo kinachotumia mwanga wa jua badala ya kupigana nao. Jua likizidi, nacho kinazidi kuwa wazi, na kimewaka muda wote. Ndani ya nyumba rangi zinafifia kama gazeti la jana. Mpya zinahamia AMOLED, kioo kinachojiwashia mwanga wake na kung'aa, na gharama imeandikwa wazi: Fenix 8 ya Garmin ya milimita 47 ya AMOLED inaahidiwa siku 16, lakini kioo kikiachwa kimewaka muda wote ni siku 7. Zaidi ya nusu ya chaji inakwenda kwenye uzuri.

Chaji. Wiki, si siku. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame anakaa njiani siku 6 au 7, hakuna soketi, na baridi inanyonya betri. Pale saa ya saa 18 ni pambo.

Inachopima. Umbali na mwendo, vizuri sana. Mapigo ya moyo kwa mkononi yanachelewa ukibadilisha kasi ghafla, kwa hiyo wengi walio makini wanavaa mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo, na saa hizi zinaupokea. Upande wa ujumbe ni wa kusoma zaidi kuliko kujibu.

Simu na nchi. Zinaelewana na iPhone na Android pia. Ukihama simu, unahama na saa yako.

Inamfaa mwenye ratiba ya mazoezi ya kweli. Ninasisitiza ya kweli, kwa sababu nimeona Fenix nyingi zinazokwenda ofisini na kurudi, zimebeba ramani za milima ambayo mwenyewe anaiona akiwa kwenye ndege.

Kabla sijaendelea, wapo ndugu wa katikati: Huawei Watch GT na Amazfit. Duara la chuma linalopendeza, karibu wiki mbili za chaji kwa matoleo makubwa ya GT, zinaelewana na simu zote mbili. Wanachotoa sadaka ni programu. Huwezi kuijaza kama simu. Kwa watu wengi wanaoniuliza, hapo ndipo wanapoishia, na sioni ajabu.

## Saa mseto ya mishale: Withings ScanWatch

Inavyokaa. Kwa mbali ni saa ya kawaida. Mishale ya kweli, chuma, kioo cha yakuti, milimita 38 au 42. Ndani ya uso kuna kidirisha cheusi cha duara kinachowaka ukikihitaji, na kiuso kidogo chenye mshale mmoja unaoonyesha umefikia asilimia ngapi ya hatua zako. Withings ni Wafaransa, na wameamua kwamba teknolojia ikae kimya mpaka iitwe. Kwenye kanzu, suti au vitenge, hakuna atakayekuuliza hiyo ni nini.

Inavyosomeka. Hapa naomba nikae kidogo. Sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza, uso wa mishale unatuhurumia kuliko namba. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, unatazama ng'ambo yake: 1, saa moja. Ukiwa kwenye 9, ng'ambo yake 3, saa tatu. Huhesabu chochote, unatazama upande wa pili tu. Namba za kioo, 07:00 au 15:00, zinataka utoe kichwani kila mara, na ukiwa na haraka unafika kwenye miadi saa sita kabla au baada. Mama yangu alipewa bangili ya namba, baada ya wiki akairudisha akasema saa gani hii inayonipa hesabu asubuhi. Kweli, saa za kioo nazo zina nyuso za kuchorwa zenye mishale, na za duara zinazibeba vizuri. Ila mshale wa chuma haulali.

Usiku una tatizo lake: mishale haina taa ya maana, na kidirisha ni kidogo. Kusoma ujumbe mrefu humo ni kama kusoma gazeti kupitia tundu la ufunguo.

Chaji. Siku 30 kwa ahadi ya kampuni. Unaichaji mwezi unapoandama, unaisahau.

Inachopima. Hatua, usingizi, mapigo ya moyo, na ECG imo pale ilikoruhusiwa. GPS ni ya kuazima kwa simu. Kwa mkimbiaji hiyo inatosha kuikataa. Kwa mzee anayetaka kujua moyo wake bila kujifunza kifaa kipya, inatosha kuikubali.

Simu na nchi. iPhone na Android zote. Shida yake Afrika Mashariki ni madukani: mara nyingi utaiagiza, na ikiharibika hakuna wa kuifungua jirani. Ujue pia kwamba soko la mseto limepungua. Fossil, waliokuwa na mseto wao mzuri, walitangaza Januari 2024 kwamba wanaachana na saa janja.

Inamfaa anayevaa saa kama sehemu ya mavazi na anayetaka afya ichungwe bila kelele.

## Bangili: Xiaomi Smart Band na mfano wake

Inavyokaa. Mi Band ya kwanza, mwaka 2014, haikuwa na kioo kabisa. Taa tatu ndogo na siku 30 za chaji. Smart Band 9 ya mwaka 2024 ina kioo cha AMOLED cha inchi 1.62 na mwili wake bila mkanda ni gramu 15.8. Unalala nayo husikii. Kwa sura haijifanyi kito. Ni kidonge kwenye mpira.

Lakini wembamba wake una siri moja ambayo wenye saa nzuri wanaipenda: unaweza kuivaa mkono wa kulia, chini ya mkono mrefu wa shati au baibui, na kushoto ukabaki na ile Seiko ya baba. Urembo mkono mmoja, kazi mkono wa pili, na ugomvi umekwisha kwa bei ya chini kuliko mkanda wa ngozi wa wengine.

Inavyosomeka. Vizuri, ila mistari ni mifupi.

Chaji. Siku 21 kwa ahadi, 9 kioo kikiachwa kimewaka.

Inachopima. Hatua na usingizi, vya kutosha kuona mwenendo. GPS haina. Mkanda wa mpira unashika jasho. Dar ya Januari utapata vipele usipouosha.

Simu na nchi. Zote mbili, na inapatikana karibu kila duka la simu.

Inamfaa anayeanza, asiyejua kama ataendelea. Kijana wa chuo. Na yule mwenye saa yake ya thamani asiyetaka kuiacha nyumbani.

## Kuhusu zile zinazofanana

Kwenye meza za barabarani kuna saa zenye sura ya Ultra, hata rangi ya chungwa ya kitufe ipo, kwa bei ya viatu vya mtumba. Kwa urembo tupu siwezi kukukataza. Watu wanavaa vito vya bandia na dunia inaenda. Neno langu ni kwenye vipimo. Shangazi yangu, ambaye ana presha, aliletewa moja iliyoandikwa kwamba inapima shinikizo la damu. Nikaifunga kwenye ndizi mzuzu. Ikafikiria kidogo, ikanipa 118 kwa 76. Ndizi ilikuwa na afya njema. Shangazi alikuwa ameshaanza kuruka dawa kwa sababu saa ilimwambia yuko sawa.

Saa janja inayopima shinikizo kikweli inaonekana kwa umbo lake: Huawei Watch D, kwa mfano, ina mfuko wa hewa ndani ya mkanda unaojaa na kubana, ndiyo maana ni nene. Na inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi iache ilipo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo.

## Kulingana na hali yako

Kama simu yako ni iPhone, unafanya kazi ya mikutano na simu nyingi, na umeme kwenu ni wa uhakika, Apple Watch ya alumini itakutumikia, na pesa za madini ya ghali zipeleke kwenye mikanda miwili mizuri. Mwenye Samsung atazame Classic yenye pete, aipime kwanza mkononi.

Kama unajiandaa na mbio za Kilimanjaro kule Moshi, au unapanda mlima wenyewe, anza na saa nyepesi ya mwanariadha. Ya harusini utaazima.

Kama ni kwa ajili ya mzazi, uliza kwanza anasomaje saa. Anayetazama ng'ambo ya namba mpe mishale. Kama hofu yako ni kuanguka akiwa peke yake, hapo mishale haitasaidia. Rudi kwenye saa-simu, na ukubali kwamba kuichaji itakuwa kazi ya mjukuu. Na mashine ya presha ya kufunga mkononi nunua pembeni, kwa vyovyote vile.

Kama unaishi pwani na unaogelea au unavua, soma alama ya 5 ATM kwa makini. Haisemi uzame mita 50. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia. Kuogelea sawa, kupiga mbizi hapana, isipokuwa saa iliyotajwa kwa kazi hiyo. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi inakula vitufe na pini. Ngozi achana nayo kabisa. Joto letu linaigeuza harufu.

Kama mkono wako ni mwembamba na kila saa inaonekana sahani, tafuta milimita 38 kushuka chini, au bangili. Matoleo madogo karibu yote yana betri ndogo zaidi, kwa hiyo namba ya siku inayotangazwa mara nyingi ni ya kaka yake mkubwa. Uliza ya toleo lako.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, chukua boksi la kadibodi, kata duara la milimita 42 na lingine la 46. Bandika tabaka moja juu ya jingine mpaka unene ufike milimita 12, funga mkononi kwa utepe, vaa shati unalovaa kazini, funga kifungo cha mkono. Lala nalo usiku mmoja. Asubuhi, kabla hujaingia dukani, utajua kama ulilivua.